Mwajiri akikaa sebuleni, ridhaa ya dada wa kazi ni ridhaa?

dodoso_mkononi: Wakuu, naandaa tasnifu ya uzamili kuhusu saa za kazi na malipo ya wafanyakazi wa nyumbani, Kinondoni. Mpango wangu: barua ya serikali ya mtaa, kupita nyumba kwa nyumba na mjumbe wa shina, mwenye nyumba akiruhusu dada anasaini fomu, namhoji. Lengo ni watu 40. Mwajiri akitaka kukaa pale pale nifanyeje? Na wenye miaka 16 au 17?

bi_sampuli: Mkuu, umekwama kabla hata ya sebuleni. Anayekubali mlangoni ni mwajiri. Dada anasaini kwa kuwa ameambiwa asaini. Hapo umepata ruhusa ya kuingia tu. Barua ya mtaa ichukue, ila mjumbe abaki kwake. Dada akimwona anajua maneno yatarudi kwa bosi.

Watafute nje ya nyumba: gengeni, saluni, Jumapili baada ya ibada, au kupitia chama chao, CHODAWU. Anza na wanne au watano wasiofahamiana, wa mitaa tofauti. Kila mmoja mpe kuponi 3 za kuwapa wenzake ili nao waje kuhojiwa, zenye namba bila jina. Usipoweka kikomo, dada mmoja mwenye marafiki wengi atakujazia watu wa kijijini kwao na utadhani umepata picha ya Kinondoni nzima.

Yule asiye na siku ya kutoka hatakufikia kabisa, na huenda ndiye mwenye hali mbaya kuliko wote. Liandike wazi kwenye mipaka ya utafiti.

kamati_ya_pili: Naongezea kwenye ridhaa. Karatasi yenye jina na saini ikionekana chini ya godoro, kazi imeota mbawa. Iombe kamati ya maadili ikubali ridhaa ya mdomo: unamsomea maelezo kwa sauti, anajibu, unaandika tarehe na namba uliyompa badala ya jina. Usimuulize "umeelewa?", maana atasema ndiyo. Muulize, "Swali usilolipenda utafanyaje?" Akisema "nitajibu tu", rudia maelezo.

Nauli iwe sawa kwa wote na uitoe mwanzoni, ili hata akiacha kwenye swali la pili aondoke nayo. Ikizidi sana kipato chake cha siku, umemnunua.

Chini ya miaka 18 unahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi na kukubali kwake mwenyewe. Mwajiri si mlezi. Kama kumpigia mzazi kutamweka binti hatarini, iombe kamati ikuondolee sharti hilo kwa maandishi kabla hujaanza. Huna muda? Hoji wa 18 na zaidi tu.

Na ukihoji watoto usiahidi siri kamili: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake aripoti. Hilo aambiwe kabla hajafungua mdomo. Namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto na dawati la jinsia la polisi lililo karibu uwe nazo mkononi siku ya kwanza.

mnukuzi: Kwenye simu ya kurekodia zima kunakili mtandaoni kiotomatiki, la sivyo sauti zinapanda zenyewe. Faili liitwe kwa namba, mfano D07, na daftari la majina likae kwingine. Kubadilisha jina pekee hakutoshi: "binti wa miaka 19 kutoka Iringa, anafanya kazi kwa daktari" bosi wake atamtambua akisoma mstari mmoja. Andika "Nyanda za Juu Kusini" badala ya Iringa, na "mtaalamu" badala ya daktari. Halafu dodoso lisiwe na "hausigeli", achilia mbali "beki tatu".

dodoso_mkononi: Nashukuru sana. Kupanga miadi kwa SMS ni salama?

mnukuzi: Simu za wengi wao bosi anazishika. Mkubaliane ana kwa ana siku, saa na mahali. Ikibidi kutuma, andika "kesho saa tisa saluni" basi, neno utafiti lisiwepo. Asipotokea, usimpigie.