Kazi ya historia ya Mwamba: gumzo la ukoo, Lubumbashi

Mama Mwamba: Wazazi wangu na ndugu zangu, hamjambo. Mwalimu wa Mwamba amewapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kuandika ukurasa mmoja kuhusu mambo yaliyoipata nchi yetu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na inatakiwa Jumatatu. Mpaka sasa mtoto ameandika sentensi moja tu: "Vita vilikuwa Ulaya, sisi hatukuwamo." Naomba msaada, maana mimi mwenyewe nimeshindwa kumsahihisha.

Mjomba Kasongo: Afute sentensi hiyo, lakini kwa upole, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa hivyo hivyo. Ubelgiji ilitekwa na Wajerumani Mei 1940, serikali yake ikakimbilia London, na Kongo, koloni lake, ikabaki ndiyo mali iliyoigharimia. Askari wa Force Publique, jeshi la koloni, walisafiri hadi Ethiopia wakapigana na Waitalia huko Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri mjini Saio. Wengine walipelekwa hata Burma. Koplo Albert Kunyuku, aliyehudumu huko, alivishwa nishani na Mfalme Philippe mjini Kinshasa Juni 2022, akiwa na umri wa miaka mia moja.

Yaya Ngoie: Mjomba, shikamoo. Hayo ni mazuri, ila naona tukimpa mtoto majenerali na tarehe, atayanakili na kuyasahau Jumanne. Mwamba anaishi karibu na dohani la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kila siku anaona mlima ule mweusi wa takataka za shaba. Tuanzie hapo. Shaba iliyoyeyushwa hapa ilikwenda kwenye viwanda vya silaha, na Shinkolobwe, pale karibu na Likasi, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ambayo Wamarekani walitengenezea mabomu ya atomiki ya mwaka 1945. Vijijini nako watu walilazimishwa kutafuta utomvu wa mpira msituni, na siku za kazi za lazima zikaongezwa mwaka 1942 kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka.

Mama Mwamba: Nimemsomea hilo la siku 120, akauliza nani alikuwa akilima shamba la nyumbani muda huo wote. Sikuwa na jibu.

Mjomba Kasongo: Wanawake na watoto, mama. Aliandike swali hilo kama lilivyo, kwa maana limemzidi maarifa mtu aliyetunga kitabu chetu cha zamani.

Shangazi Béatrice: Mbona hakuna anayetaja uwanja wa mpira? Desemba 1941 bei zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita na mishahara haikutosha, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, wakagoma, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi wakiwa wamekusanyika uwanjani hapa mjini. Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Baba Mwamba: Shangazi, kwa heshima yote, mtoto ana miaka kumi na mmoja. Nisingependa alale na picha ya maiti uwanjani.

Shangazi Béatrice: Baba Mwamba, mtoto huyo anasikia habari za vita vya Goma na Bukavu redioni kila asubuhi akinywa chai, na hakuna anayezima redio. Sijasema aelezwe damu. Aelezwe kwamba watu waliomba nyongeza ya mshahara na kwamba askari waliowapiga walikuwa Wakongo kama wao, wakitii amri za Wabelgiji. Hilo la pili ndilo gumu, nami ningependa alisikie kutoka kwetu.

Nimekaa na Nkambo, mzee wetu, sasa hivi, nikamuuliza, nanyi mjue kwamba wakati huo alikuwa na miaka sita. Anasema mama yake aliwafungia ndani na kuweka kinu nyuma ya mlango, sufuria ya maharage ikaungua kwa sababu hakuna aliyethubutu kutoka kwenda jikoni uani, na mpaka leo harufu ya maharage yaliyoungua humkumbusha siku ile. Baba yake alirudi usiku bila viatu. Hakusema alikotoka, wala hawakumuuliza.

Baba Mwamba: Miaka yote hii sijawahi kusikia habari ya kinu hicho.

Shangazi Béatrice: Wala mimi. Nkambo ameyasema kwa sauti ya chini kabisa.

Baba Mwamba: Basi nimekubali. Nitamleta Mwamba mwenyewe Jumamosi, aulize na kuandika kwa mkono wake. Naomba tu tusimwandikie maswali.

Yaya Ngoie: Aje na swali lake la shamba.

Shangazi Béatrice: Mje kabla ya saa nne, kwa kuwa baada ya hapo Nkambo hulala, tena mzungumze upande wa sikio lake la kulia.