Mjadala: JKT ibaki kuwa lango la JWTZ, au kila mwenye sifa aombe moja kwa moja?

Mleta mada
Wakuu, tangazo la ajira la JWTZ (jeshi letu la ulinzi Tanzania) likitoka siku hizi, sharti ni lilelile: mwombaji awe na cheti cha JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), cha mujibu wa sheria au cha kujitolea. Umri, kidato cha nne na cha sita usizidi miaka 24, stashahada 26, shahada 27. Nalo JKT likitangaza nafasi za kujitolea linakumbusha kwamba halitoi ajira. Kijana anaambiwa apite hapa kwanza miaka 2, kisha anaambiwa hapa si njia ya kwenda popote. Sharti lifutwe.

Kwata Kwanza
Napinga. Siku ya usaili kila mtu anakimbia. Ugonjwa wa ngiri uliofichwa, ugoko unaouma kila baada ya mchakamchaka, mtu asiyevumilia kuamriwa: hayo huonekana baada ya wiki kadhaa kambini. Anayeshindwa kwenye kambi za JKT kama Mafinga au Oljoro hajala nafasi ya kuruta pale RTS Kihangaiko, shule ya mafunzo ya awali ya JWTZ. Tena jambo hili lina mizizi. Tanganyika Rifles, jeshi tulilorithi kwa wakoloni, waliasi Januari 1964, na JWTZ lilipoundwa Septemba mwaka huohuo, vijana wa JKT, lililokuwa na mwaka mmoja tu, walikuwa miongoni mwa walioandikishwa. Askari aliyepikwa na taifa kabla ya kupewa bunduki, hilo si sharti la kufuta kirahisi.

Hesabu Tu
Kwata Kwanza, historia sawa, ila piga hesabu. Wa mujibu wa sheria amemaliza kidato cha sita, anakaa miezi 3, anaondoka na cheti. Wa kidato cha nne hana mlango huo. Kwake ni kujitolea, miaka 2. Vyeti viwili, uzito mmoja kwenye tangazo. Anayeingia kujitolea na miaka 20 anatoka na 22, amebakiwa na miaka 2, na tangazo la jeshi halifuati kalenda. Likichelewa, umri umemtupa nje bila kosa lake.

Matokeo yake tuliyaona Aprili 2021, vijana 854 waliposimamishiwa mikataba kwa kugoma wakidai ajira walizoamini wameahidiwa. Nidhamu ilivunjwa, sikatai. Lakini matumaini hayo hayakuota yenyewe. Yaliota kwenye kazi kubwa walizopewa: vijana wa JKT ndio walioshika kazi ya ukuta wa machimbo ya tanzanite Mirerani, kilomita 24.5.

Kwa hiyo lango libaki, ila umri uhesabiwe siku ya kuingia JKT, si siku ya tangazo la JWTZ.

Mleta mada
Hilo la umri nalikubali kuliko nilivyoanza. Lakini ikama ya jeshi, yaani nafasi zilizopo, ni ndogo kuliko idadi ya wanaojitolea. Hata ukirekebisha umri, wengi watarudi nyumbani.

Spana 17
Watarudi, ndiyo maana swali la pili ni wanarudi na nini. Mwenye cheti cha VETA (vyuo vya ufundi stadi) cha umeme wa magari, uchomeleaji au ufundi bomba haombi kama wa kidato cha nne mtupu. Jeshi lina hospitali ya Lugalo, lina kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu kule Kibaha, lina wahandisi, jeshi la anga na la majini. Fundi hupanda cheo kwa njia mbili, kozi za uongozi na ngazi ya ufundi wake, na akistaafu mikono bado inauzika. Praiveti asiyesoma zaidi husubiri kozi ya koplo usu na nafasi kwenye ikama, na nafasi hiyo huweza kuchelewa sana. Mwenye shahada alenge kadeti, mafunzo ya uofisa kule Monduli. Akihitimu anatoka Luteni Usu.

Na msijenge maisha juu ya "misheni", yaani kulinda amani nje ya nchi. Kiwango cha Umoja wa Mataifa kilichowekwa 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa askari kwa mwezi, na fedha hizo hulipwa serikali, si mfuko wa askari. Baada ya shambulio la Semuliki, mashariki mwa Kongo (DRC), Desemba 2017, tulizika askari 14.

Kwata Kwanza
Kwa anayekwenda sasa hivi, huku mjadala ukiendelea: maombi ya kujitolea huratibiwa na ofisi za mikoa na wilaya, hayauzwi. Anayekuomba pesa ya "kuunganishwa" ni tapeli, hata akivaa kombati. Vifaa vinavyotajwa kwenye wito: bukta ya bluu iliyokoza inayofika magotini isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka 2 za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti, nguo za baridi. Raba zivae wiki 3 kabla. Mpya kambini ni malengelenge. Anza kukimbia miezi 2 mapema, ukiongeza umbali kidogokidogo, maana ugoko huharibiwa na pupa.

Hesabu Tu
Nyongeza: majina. Cheti cha kuzaliwa "Juma Ally", cha shule "Juma Ali", kitambulisho cha taifa cha NIDA "Jumaa". Herufi moja inatosha kukukwamisha kwenye uhakiki. Anzia RITA (wanaotoa vyeti vya kuzaliwa) na NIDA leo, tangazo likitoka utakuwa umechelewa.

Mleta mada
Nabadilisha kichwa cha hoja yangu: lango libaki, umri uhesabiwe mlangoni, na kila wa kujitolea atoke na cheti cha VETA. Anayepinga hilo la tatu aje na gharama zake.