Mitambo ya upepo Kigoma: umbali uandikwe kabla nguzo hazijasimama

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa Ujiji, tulipozungumzia kelele za mitambo ya umeme wa upepo, mzee mmoja alisema: "Tumelala na mngurumo wa majenereta ya dizeli miaka na miaka, mpaka yalipozimwa 2022. Hayo mapanga ya upepo yatatushinda nini?" Wengi walimuunga mkono. Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo nakataa.

Jenereta lilikaa sehemu moja, ndani ya uzio. Mtambo wa upepo hufuata upepo, na upepo uko vilimani, kule Manyovu na Heru Juu, kwenye migomba, kahawa na nyumba za watu. Tena kelele yake si mngurumo wa mfululizo ambao sikio huuzoea. Ni vuu... vuu... kila bawa linapopita. Usiku ndipo husikika zaidi: huku chini hewa imetulia na kijiji kimelala, kule juu upepo bado unavuma na mtambo unazunguka. Mwenye mtoto mchanga ataelewa ninachosema.

Halmashauri za wilaya zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu sheria ya 1982. Zitunge sasa za umbali kati ya mtambo na nyumba, na za kelele, mwekezaji azikute. Ila zisitaje mita zilezile kwa kila mtambo, mrefu kwa mfupi. Denmark, walioishi na mitambo hii miongo mingi, wana masharti mawili kwa pamoja. Nyumba iwe mbali angalau mara nne ya urefu wa mtambo hadi ncha ya bawa. Wa mita 150, basi mita 600. Halafu sauti nje ya nyumba ya shambani isizidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 44 upepo ukivuma mita 8 kwa sekunde, na kwenye maeneo ya makazi isizidi 39.

Mtasema tunafukuza umeme. Ugomvi ndio unaoufukuza. Tazameni Kinangop, Kenya: mradi wa megawati 60 ulifutwa 2016 baada ya wakazi kuupinga, ugomvi wa ardhi ukiwa katikati. Wakulima walibaki na hasira, mwekezaji akabaki na hasara.

Linalonisumbua ni nani atapima kelele hiyo. Mwenye mtambo akijipima mwenyewe, mchana, sheria hiyo ni karatasi tu. Mimi nataka kifaa kikae ofisi ya kijiji na vipimo vya usiku visomwe kwenye mkutano mkuu. Ninyi mnaona kikae kwa nani?