Kaka yangu ni mwanajeshi mstaafu na ana kesi ya kushambulia: tumweleze nini hakimu?

Mkazi wa Gongo la Mboto:
Habari za jioni, ndugu zangu. Kaka yangu alistaafu Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) akiwa koplo, na kabla ya hapo alitumikia katika kikosi cha kulinda amani mashariki mwa Kongo. Tangu arudi, usingizi wake ni wa mang'amung'amu: geti la jirani likibamizwa usiku, huamka na kukagua milango yote, kisha hukaa sebuleni hadi alfajiri. Hivi karibuni aligombana na dereva wa bodaboda, akampiga na kumchana juu ya jicho. Amepata dhamana, na kesi itatajwa tena katika Mahakama ya Wilaya. Baadhi ya ndugu wanataka tuseme ana ugonjwa wa akili ili aachiwe. Mwenyewe hataki hata Kongo itajwe. Nimesoma kwamba Marekani kuna mahakama za wanajeshi wastaafu. Je, hapa kwetu utumishi wake una uzito wowote?

Msaidizi wa kisheria, Temeke:
Pole sana, dada. Mahakama hizo za Marekani zilianzia Buffalo, New York, mwaka 2008, chini ya Jaji Robert Russell. Mshtakiwa hupangiwa matibabu, hurudi mara kwa mara mbele ya jaji kueleza maendeleo yake, na huambatana na mwanajeshi mstaafu mwenzake anayemshauri. Kwetu, mstaafu husikilizwa katika mahakama za kawaida kama raia mwingine yeyote, kwa hiyo historia yake haitajulikana isipokuwa mtu ailete.

Hilo la ugonjwa wa akili msilichezee. Utetezi wa kwamba mtu hakujua alitendalo ni jambo zito: mahakama huagiza achunguzwe na madaktari, aghalabu katika Taasisi ya Isanga, ya wagonjwa wa akili, Dodoma, na ikithibitika kwamba alitenda kosa akiwa katika hali hiyo, haachiwi kurudi nyumbani siku hiyo bali huamriwa kuzuiliwa kama mgonjwa. Kwa maelezo yako, kaka anajua alichofanya. Linalomfaa ni ombi la kupunguziwa adhabu endapo atatiwa hatiani, likiungwa mkono na ripoti ya daktari aliyemwona kweli, si barua ya kutafutwa asubuhi ya hukumu. Hakimu akiridhika, anaweza kumweka chini ya uangalizi, au kutumia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo huwezesha mtu kufanya kazi za jamii badala ya kifungo kisichozidi miaka 3.

Sajini Mstaafu:
Mwanangu, mwache kaka yako aone aibu, lakini asiende mahakamani mikono mitupu. Tafuteni hati yake ya kumaliza utumishi na kumbukumbu zake za matibabu, na kama aliwahi kutibiwa Lugalo, hospitali ya jeshi, aanzie huko. Mwenzake wa kikosi akae naye faraghani, kwa kuwa yapo mambo ambayo mwanajeshi hamwambii mkewe wala dada yake. Wengi wetu tulizoea kuambiwa kwamba kutolala ni ulegevu, na sioni ajabu akiwakatalia ninyi kisha akamkubalia mtu aliyelala naye handaki moja. Lakini msiitumie sare kumtisha yule kijana wa bodaboda. Hapo mtakuwa mmeharibu kila kitu.

Mkazi wa Gongo la Mboto:
Shikamoo, mzee, na ahsante. Familia ya kijana huyo imedokeza kwamba ikilipwa gharama za hospitali itakubali yaishe. Tunaweza kumalizana nao nyumbani?

Msaidizi wa kisheria, Temeke:
Msimalizane kimyakimya, maana kesi ikishafika mahakamani si mali ya familia mbili tena, na fedha zilizotolewa kwa siri zinaweza kutafsiriwa kuwa za kumnunua shahidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu mahakama kuhimiza upatanishi katika mashauri ya shambulio la kawaida, pale ambapo masilahi ya umma hayadai adhabu. Kwa hiyo angalieni kwanza hati ya mashtaka imeandika kosa gani, kwa sababu likiwa ni kujeruhi vibaya mlango huo ni mwembamba mno. Kama hamna uwezo wa kumlipa wakili, ombeni msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na fanyeni hivyo kabla ya tarehe ya kutajwa ili wakili apate muda wa kuzungumza na mwendesha mashtaka.