Manati: tyubu, lateksi bapa au mpira wa bomba kwa mita 10 mpaka 30?

Mkaazi_Donge: Asalaam aleikum wanajamvi. Nna manati ya panda la mpera, mipira ya tyubu ya baiskeli. Mita 10 kopo sikosi, nkirudi nyuma mita 20 kokoto linakwenda linakotaka lenyewe. Nibadili mpira, nibadili kokoto au tatizo mkono? Kuna lateksi bapa, ule mpira mwembamba kama utepe, na zile za bomba zenye tundu katikati, naona watu wanazisifu. Nalenga makopo tu, na maembe yakiwa juu.

Fundi_Chake: Waaleikum salaam. Anza na kokoto sheikh, mpira baadae. Hili lina pembe, hili bapa, hili zito, kila moja hewa inalisukuma kivyake, mita 10 huoni kwa sababu halijapata muda wa kupinda. Tia gololi. Za kioo za watoto, milimita 16, zina kama gramu 5 na zote sawa, tyubu yako inazimudu. Za beringi milimita 9.5 ni gramu 3 na nusu hivi, hewa haizikamati sana, hizo ndo za mbali, lakini kwa tyubu unazionea bure maana tyubu nzito yenyewe inarudi polepole, hapo ndo bapa inapoishinda. Mie bapa naikata milimita 20 upande wa panda, 12 upande wa ngozi inayoshika gololi, na pande zote mbili ziwe sawasawa, moja ikizidi urefu gololi inakwenda ubavuni.

Kusini_Kwetu: Nakataa kidogo. Bapa kwa jua letu hili haidumu, iache dirishani uone, inaanza kuchanika pembeni, na ikikatika umeshavuta inakurudia usoni. Bomba inakaa. Kasi inapungua kidogo, sawa, lakini kopo la mita 20 linataka kasi ya nini?

Fundi_Chake: Si uiweke kivulini na uikague kabla ya kuvuta! Watu wavivu bwana.

Binti_Wete: Mnazozana mipira na mwenzenu kashasema mita 10 hakosi. Umbali ukizidi mara mbili kitu kinashuka mara nne. Chukulia gololi inatoka kwa mita 60 kwa sekunde: mita 10 inashuka kama sentimita 14, mita 20 sentimita 54, mita 30 imepita mita nzima na hapo hewa sijaitia. Sasa yeye analenga palepale, atapata wapi?

Pili mkono unavutia wapi? Leo kidevuni kesho sikioni, basi kila siku una manati nyengine. Chagua pahala pamoja, pembe ya mdomo au mfupa wa shavu, ngozi iguse hapo kila mara. Lilaze panda ubavu, mpira wa juu uwe chini ya jicho lako, ncha ya juu ya panda ndo shabaha yako. Na usivute ukakaa unafikiri, mpira ukikaa umevutika nguvu inapungua.

Mkaazi_Donge: Ahsante dada. Sasa mita 20 ncha niinyanyue kiasi gani?

Binti_Wete: Sikwambii mie, manati yako itakwambia. Tundika boksi, chora alama, lenga alama ileile kutoka mita 10, kisha 15, kisha 20, utaona matundu yanavyoteremka. Yakiteremka yamekusanyika, mkono mzuri, nyanyua tu. Yakitawanyika kila pahala rudi mita 10, usinunue kitu. Nyuma ya boksi ning'iniza kanga kuukuu iwe huru chini, inashika gololi na huzitafuti majanini.

Shamba_Boy: Na kunguru je? Wananmalizia vifaranga.

Kusini_Kwetu: Kunguru akiiona manati tu keshaondoka, bahati njema. Ila kima punju na popo wa Kidike kule Pemba muwaache, wale wanalindwa. Na ukihamia chuma usipige karibu na ukuta wa mawe, inarudi vilevile ilivyokwenda, vaa miwani.

Mkaazi_Donge: Naanza na gololi za kioo na boksi. Hiyo bomba kuna mtu kaiona sokoni Darajani?