Wauzaji, acheni kutuuzia "asilia" kwa bei ya kilimo hai!

Wakuu, hii tabia imezidi. Mtu anachapa "ASILIA" kwa herufi kubwa, anachora jani la kijani, anapandisha bei, na wanunuzi wanaondoka wakiamini wamebeba chakula cha kilimo hai (organic). Hilo neno halisemi lolote kuhusu shamba: mbegu gani, mbolea gani, dawa gani ilipulizwa.

Geuzeni pakiti. Kwa kanuni za Marekani, chini ya jina la mtengenezaji au msambazaji lazima paandikwe nani aliyethibitisha kuwa ni ya kilimo hai. Hapajaandikwa? Rudisha. Za Umoja wa Ulaya zina jani lililochorwa kwa nyota, na karibu yake namba inayoanza na herufi mbili za nchi, mfano DE kwa Ujerumani. Hapo wengi wanapotea: hizo herufi zinamhusu mkaguzi wa aliyeshika bidhaa mwisho, si shamba. Zao lilikolimwa husomwa kwenye mstari wa chini yake.

Kinachoniudhi zaidi ni asilimia. Marekani, bidhaa ikiitwa "organic" tu, angalau 95% ya viungo iwe ya kilimo hai, maji na chumvi havihesabiwi. Ikiandikwa "made with organic", yatosha 70%. Yaani biskuti ina unga wa kilimo hai, halafu sukari na mafuta ni ya kawaida kabisa! Kundi hili haliruhusiwi kubandika nembo ya USDA (Idara ya Kilimo ya Marekani), ndiyo maana wanakimbilia majani ya kujichorea.

Na sisi wanunuzi tuache kusema kilimo hai ni "bila dawa". Pareto na dawa za shaba zinaruhusiwa kwa masharti. Kinachokatazwa ni karibu viuatilifu vyote vya viwandani, na kwa kanuni za Marekani shamba likae miaka 3 bila vitu vilivyokatazwa kabla ya mavuno. Kwa hiyo anayejitetea kuwa "tangu msimu uliopita hatupulizi" bado hajafika.

Kile kistika cha tarakimu tano kinachoanza na 9 kwenye matunda, kinachoashiria kilimo hai, nacho ni cha hiari, msikifanye cheti.

Ukiwa na shaka, dai cheti chenyewe. Soma jina la mzalishaji, hali ya cheti, kisha orodha ya bidhaa. Wapo wenye cheti halali cha asali wanaokitumia kuuzia jamu isiyokaguliwa na mtu yeyote.