Nataka kuchangisha hela huku Uingereza kwa ajili ya kituo cha yatima nyumbani, nianzie wapi nisije nikaonekana tapeli?

mchungwa_wa_muheza:

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mi niko Leeds mwaka wa sita sasa, nahudumia wazee, kwetu ni Muheza, Tanga. Desemba nilienda kumzika bibi, siku ya hitma chakula kikabaki kingi mama akasema tusikimwage, tukapakia sufuria la pilau kwenye bajaji tukakipeleka kituo cha yatima kilichopo nje kidogo ya mji. Sikuwahi kufika pale japo nimekulia kilomita nne tu kutoka hapo, aibu yangu.

Wapo watoto 34. Vitanda ni deka 11 (vile vya juu na chini), piga hesabu mwenyewe, kwa hiyo wengine wanalala wawili wawili, magodoro yamelaliwa mpaka yamekuwa kama chapati na mengine yamekatwa katikati ili yatoshe vitanda viwili. Vyandarua vimefungwa mafundo kila palipotoboka. Bafu la wasichana mlango wake ni kanga. Maji wanachota kisimani kabla ya shule, na mama mpishi anapikia mafiga kwenye kibanda hakina hata dirisha, macho mekundu muda wote.

Ila kilichonikata maini ni kitu kidogo tu. Kachumbari tulibeba kwenye kopo la Blue Band, wakati tunaondoka kuna kabinti ka miaka kama nane kakaniomba kabaki na lile kopo. Nikauliza la nini wakati halina kitu, akasema la kuwekea mswaki wangu, kwa sababu miswaki yote inakaa ndoo moja na wake kila siku anaukuta umeshatumika.

Nimerudi nikawasimulia wenzangu kazini, wamepata moto kunizidi mimi. Wanataka kuoka keki tuuze, kuna mmoja anataka kutembea kilomita 40 watu wamchangie, meneja kaahidi pauni 200 za kuanzia. Tunalenga pauni 4,500. Sasa maswali yangu: hela ipitie wapi? Kuna anayesema tujaze kontena la nguo na magodoro ya huku, ni wazo zuri au? Halafu mama mwenye kituo anataka tumtumie kwenye namba yake ya simu moja kwa moja, mi sina shida naye ila nafsi inasita. Naombeni mawazo, matusi kidogo tu.

babu_wa_ngamiani:

Mwanangu hongera kwa moyo huo, ila kontena lisahau kabisa. Mi niko Reading, mwaka 2016 tulijaza kontena hapa sisi watu wa Tanga, kila mtu akaleta alichotaka kutupa, mpaka mashine ya kutengenezea mkate ilikuwemo. Likafika bandarini karatasi moja ina kasoro, likakaa na kila siku stoo inahesabu, tukachanga tena hela ya kulikomboa. Na kwenye nguo humo wamama walikuwa wamefunga na chupi za mitumba, hizo TBS, shirika la viwango, walishapiga marufuku zamani. Kilichofika kwa watoto ukikigawa kwa gharama ni kichekesho.

Godoro linatengenezwa hapo hapo nchini, deka fundi seremala wa Muheza anachonga na ukivunjika mguu wa kitanda yupo jirani anarekebisha. Pauni moja ni shilingi elfu tatu na mia kadhaa, peleka hela, hela ndiyo nyepesi kubeba.

Kuhusu njia. GoFundMe, ile tovuti ya kuchangishia, inafaa kukusanyia lakini jua kwamba Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zao za kutolea hela, kwa hiyo itaingia kwenye akaunti ya mtu wa huku, na huyo mtu ni wewe, jina lako ndilo liko rehani. Bora utafute chariti ndogo ambayo tayari imesajiliwa na inafanya kazi Tanga au Kilimanjaro, uwaombe wakupokelee. Faida yake ni Gift Aid, yaani mtu anayelipa kodi huku akitoa pauni 10 serikali inaongezea 2.50. Ila angalia, mtu akinunua keki hiyo ni biashara sio mchango, Gift Aid haihusiki, na mwenzako wa kutembea yeye anaombewa mchango kwa hiyo ndiye atakayewaletea hela ya maana. Mkitaka kuanzisha ya kwenu, mapato yakizidi pauni 5,000 kwa mwaka inabidi msajili kwa Charity Commission, wasimamizi wa chariti wa huku, ni makaratasi kweli kweli, kwa kazi ya mara moja mi nisingejisumbua.

Namba ya simu ya mama HAPANA. Hata kama ni malaika. Akaunti ya kituo, watia saini wawili, basi.

chuma_cha_reli:

Yatima 34 au "yatima" 34? Uliza kwanza. Kuna watu mjini hapa kituo ndio mradi, Noah mpya ya mwenye kituo na watoto wanalalia maboksi. Wazungu wako wakishaanza kutuma hawatakoma na hali haitabadilika, maana ikibadilika hela inakatika. Nimemaliza.

mchungwa_wa_muheza:

@chuma_cha_reli we nae, mama wa watu anapanda bodaboda. Ila swali la kwanza sikuuliza kweli, nilichukulia tu kwamba ni yatima.

nyanya_chungu_nax:

Niruhusuni nichangie kutoka Nakuru. Huyo chuma ameongea vibaya lakini hajadanganya. Hapa kwetu Kenya serikali ilisimamisha kusajili children's home mpya tangu 2017, na sasa kuna mpango wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kurudisha watoto kwa familia. Mimi ni social worker, nimefanya hiyo kazi ya kutafuta watu wa mtoto, unaambiwa huyu hana mtu kabisa, unaingia matatu unaenda hadi kijijini unapata shosho, yaani bibi, yuko, mjomba yuko, wakati mwingine hata mama mwenyewe yuko, shida ilikuwa tu karo na chakula. Mtoto ameletwa home kwa sababu huko kuna bweni na uniform. Sasa ukifanya home iwe nzuri sana bila kusaidia nyumba za pale kijijini, wazazi maskini wataleta wengine, utarudi mwaka ujao upate watoto 50 na godoro zako mpya zimekuwa chapati tena.

Sisemi usichange, watoto wako pale leo na wanalala vibaya leo. Nasema tenga sehemu ya hiyo pesa iende kwa nyumba. Na uende kwa ofisi ya ustawi ya huko kwenu uulize kama home iko na leseni.

babu_wa_ngamiani:

Kwetu ni hivyo hivyo dada, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anatakiwa kulijua kila faili la mtoto aliye pale. Mchungwa mtume ndugu yako ofisini kwa huyo afisa, akimkuta hakijui hicho kituo, simamisha kila kitu kwanza.

fundi_bati_tz:

Mi naongelea maji tu, mengine siyajui. Umesema wanachota kisimani, Muheza mvua zipo masika na vuli, paa lipo, maji yanamwagika bure! Pima bati, tuseme bweni ni mita 12 kwa 10, hizo ni mita za mraba 120, kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, mvua moja ya kueleweka ya milimita 40 inakupa lita 4,800. Hata zikipotea za kwenye kona na za mwanzo za kuoshea bati, simtank la lita 5,000 linakaribia kujaa kwa usiku mmoja. Weka mawili.

Mnapokosea watu wa misaada, mnanunua tanki mnapiga picha mnaondoka. Hela inataka iende kwenye msingi wa zege (tanki likijaa ni tani tano hizo, juu ya matofali ya kupanga litakulalia), gata iwe na mteremko na vishikio kila baada ya nusu mita sio kamba, na bomba la kumwagia maji ya kwanza maana yana kinyesi cha popo. Koki chini uifungie kwenye kisanduku chenye kufuli la sivyo watoto wataichezea mpaka ivunjike, nasema kwa uzoefu, nimebadilisha koki ya shule moja mara sita.

Na kama choo ni cha shimo hakikisha kiko mbali na hicho kisima, mita 30 angalau na kiwe upande wa chini sio wa juu. Jiko nalo mjengee mama jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi, lile katazo la serikali la kupikia kuni ni la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, hao 34 haliwagusi, ila macho yake yanamgusa.

deka_ya_juu:

Sijawahi kuandika humu kuhusu hili. Mi nimekaa kituoni kuanzia miaka 6 mpaka 17, sio hicho chako na sitasema kipi wala mkoa gani.

Naomba uniskilize kwenye jambo la wageni. Kila wageni wakija tulivalishwa nguo za stoo, wakiondoka tunazivua zinahesabiwa zinarudi stoo. Tulikuwa na wimbo wa wageni, mpaka leo nikiwa naosha vyombo nikijikuta nauimba nazima bomba nakaa chini. Mtu analeta mchele kilo 50 anatupanga mstari anapiga picha tumeushika, mi niko kidato cha pili, kesho yake mtu wa darasani kaniona Facebook. Kwa hiyo hao wenzako wakitaka picha wapige tanki, wapige deka, wapige jiko. Sura za watoto hapana. Na wasije kukaa wiki mbili kucheza nao halafu waondoke, mdogo wangu wa pale alikuwa na "mama" watano wa Ulaya, wote walisema watarudi.

Na hilo kopo. Ungejua umeshapewa bajeti yako na huyo binti. Magodoro tuliletewa mara tatu mi nikiwa pale. Kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kuleta ni sanduku la bati lenye kufuli, moja kwa kila mtoto na ufunguo anakaa nao shingoni. Mi nilikuwa naficha barua ya mama kwenye tundu la ukuta nyuma ya choo, mvua ikailoanisha. Ndiyo, mama alikuwepo. Alikuwa anaumwa tu.

nyanya_chungu_nax:

Pole sana. Asante kwa kuandika.

chuma_cha_reli:

Aisee. Pole mkuu, kweli. Nipo nyuma ya hilo la masanduku, mimi nachangia mawili, mchungwa nitumie ujumbe.

mchungwa_wa_muheza:

Nimerudi baada ya wiki tatu samahanini, zamu za usiku.

@deka_ya_juu nimesoma yako nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo. Sina la kusema zaidi ya asante.

Mdogo wangu alienda halmashauri, leseni ipo, afisa ustawi anakijua kituo na alikuwa mkweli tu, kasema hana usafiri wa kufuatilia familia. Wamekaa na mama wakapitia mafaili, kati ya watoto 34, 19 wana mzazi mmoja au bibi anayejulikana aliko. Kabinti ka kopo kana mama, yuko Korogwe anakata mkonge! Mama wa kituo alinuna mwanzoni akidhani tunataka kumfungia, baadaye kasema mwenyewe kwamba hata yeye angependa likizo waende makwao ila nauli inatoka wapi. Na suala la akaunti ya kituo kakubali, mtia saini wa pili ni mwalimu mkuu mstaafu wa hapo jirani.

Kwa hiyo bajeti imegeuka. Matanki mawili na msingi wa zege (fundi nakupigia wewe kabla hawajaanza kumwaga), jiko, deka 6 na magodoro mapya, mlango wa bafu, masanduku 34 na kufuli zake, na fungu la nauli afisa na mama waende kwenye hizo familia moja moja, watakaoonekana wanaweza kurudi tusaidie sare na kianzio cha biashara ndogo badala ya kitanda cha pili. Wenzangu wawili hawakufurahi, walitaka kwenda kupaka rangi ukuta na kupiga picha na watoto, mmoja kajitoa. Yule wa kutembea bado yupo, ameshapata pauni 1,130 na chariti moja ya huku imekubali kutupokelea.

Jumamosi ijayo tunauza chakula ukumbi wa kanisa, mi nimejitwika sambusa 300 bila kufikiri. Mwenye kujua duka hapa Leeds au Bradford linalouza manda za bei poa aniambie mapema, za kukanda mwenyewe mkono hauna nguvu hiyo.